Boila la Alama Tisini na Nane

Kabla sijasimulia yaliyompata Mkaguzi Sikudhani Malipula, naomba ieleweke kwamba nchi yetu haina upungufu wa kanuni. Tunazo kanuni za biashara elfu nne mia sita na kumi na mbili, na nyingine ziko kwa mpiga chapa. Ipo kanuni ya kimo cha kaunta, ipo ya rangi ya mlango wa duka la dawa, ipo ya namna ya kutundika kanuni zenyewe ukutani. Wakaguzi wa kuzisimamia tulikuwa nao kumi na mmoja, na gari moja. Nayajua hayo kwa sababu mimi, Anselimu Ndunguru, ni karani wa masjala katika Idara ya Usimamizi wa Kanuni. Kila barua inayoingia pale hupita dirishani kwangu. Naipiga muhuri, naandika tarehe, naitia kwenye jalada lake.

Mwaka ule Serikali iligundua kwamba watu kumi na mmoja hawawezi kusimamia kanuni zote hizo. Nchi nyingine zingeajiri wakaguzi zaidi. Sisi tumejaliwa viongozi wanaofikiri. Mheshimiwa Waziri aliitisha warsha ya siku tisa kuhusu Matumizi Bora ya Rasilimali Chache, katika hoteli iliyoko ufukweni mwa ziwa. Walikwenda wakurugenzi, wasaidizi wa wakurugenzi, na wasaidizi wa hao wasaidizi. Mafuta ya gari la ukaguzi ya mwaka mzima yaliishia katika kuwapeleka na kuwarudisha, kwa hiyo gari likaegeshwa nyuma ya jengo na kufunikwa turubai lisichakae. Warsha ilifana sana. Walirudi na Mwongozo wa Vipaumbele.

Mkurugenzi wetu, Dakta Evarist Kihombo, alitukusanya ukumbini kutusomea. Dakta Kihombo ni mtu mwenye sauti nzito na mikono midogo, na anapozungumza huitazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo inayoandika muhtasari.

"Ndugu watumishi," alisema, "huko nyuma tulikuwa tunakagua kwa hisia. Mtu anasikia kuna hatari mahali fulani, anakimbilia huko. Huo si utaalamu. Huo ni woga. Kuanzia leo tunakagua kwa alama."

Akatueleza alama. Biashara iliyo karibu na ofisi hupata arobaini, kwa kuwa haili mafuta. Inayokaguliwa upesi hupata thelathini. Ambayo mwenyewe anapatikana muda wote hupata ishirini. Kumi za mwisho zilikuwa za kigezo kilichoitwa Utulivu wa Mazingira ya Uwekezaji, maana yake ni kwamba mwenye biashara hana namba ya simu ya mtu yeyote mkubwa. Yenye alama nyingi ndiyo yenye kipaumbele. Na lengo la taifa likawa kaguzi elfu tisa kwa mwaka.

Orodha ilipotoka, aliyeongoza nchi nzima kwa alama mia juu ya mia alikuwa Bi Tekla Msuha.

Bi Tekla alikuwa anauza uji na vitumbua nje ya lango letu, hatua kumi na nane kutoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, anayejua nani anataka uji wenye ndimu na nani hataki. Baada ya Mwongozo, wakaguzi walimshukia kwa zamu. Mmoja akipima unene wa mfuniko wa sufuria, mwingine anasubiri kupima urefu wa benchi. Kwa muda wa miezi sita alikaguliwa mara mia mbili na kumi na nne. Walimkuta na makosa sitini na matatu, yakiwamo aproni yenye maua badala ya nyeupe, na kukohoa. Takwimu hizo zilisomwa bungeni na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, wabunge wakapiga meza.

Katika wakaguzi hao alikuwamo Sikudhani Malipula. Kwa masomo alikuwa fundi mitambo, na kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kukagua maboila ya viwandani, yale mapipa makubwa ya chuma yanayochemsha maji yakawa mvuke. Alikuwa na kovu la kuungua mkononi na hakuwa msemaji. Alikuwa pia na tabia ya kusoma fomu kabla ya kuijaza, jambo lililomchelewesha kupanda cheo.

Asubuhi moja alikuwa anamkagua Bi Tekla. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nanywa uji, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mkaguzi," Bi Tekla alisema huku akiinua mfuniko upimwe, "nikuulize kitu. Hivi ninyi mnakagua sufuria tu?"

"Kwa sasa, ndiyo, Mama."

"Mume wangu Fidelis yuko kiwanda cha sabuni. Yeye ndiye anayelisha moto lile boila lao. Anasema ile vali ya usalama, ile inayotakiwa kupumua mvuke ukizidi, imefungwa kwa waya."

Sikudhani aliacha kupima. "Imefungwa na nani?"

"Meneja ndiye aliyeamuru. Anasema ikipumua inapoteza mvuke, sabuni inachelewa kukauka. Tangu mwaka jana Fidelis halali vizuri. Mimi nimekaguliwa mara mia mbili, dada yangu. Siwezi kuwapa hata kumi mkaenda kule?"

Sikudhani alikaa hapo hapo kwenye benchi, akaomba kalamu yangu, akaandika barua kwa Mkurugenzi. Haikuwa ndefu. Ilisema boila lina umri wa miaka thelathini na nane, vali imefungwa, wafanyakazi ni sitini, na linatakiwa kuzimwa leo, si kesho. Alipomaliza aliitwa ndani kwenye kikao cha takwimu, akampa Bi Tekla karatasi. Bi Tekla akajifuta mikono, akaingia getini, akaja mpaka dirishani kwangu. Nilikuwa nimeshamtangulia kufika. Niliipokea barua, nikaipiga muhuri, nikaandika tarehe na saa mbele ya macho yake.

"Imefika?" aliuliza.

"Imefika, Bi Tekla."

Dakta Kihombo aliisoma siku ya tatu, na alimwita Sikudhani. Mimi nilikuwepo kwa kuwa nilitakiwa kubeba jalada.

"Mama Malipula," alisema kwa upole, "nimesoma barua yako. Ina uchungu. Lakini je, umeusoma Mwongozo? Kiwanda kile kiko kilomita kumi na mbili. Boila linakaguliwa kwa siku mbili, maana lazima lipoe kwanza. Mwenye kiwanda namba za wakubwa alizonazo unazijua. Nimekipigia hesabu: kina alama nne."

"Mkurugenzi, lile boila likipasuka litaua watu."

"Ndiyo, limeandikwa Hatari Kubwa. Hatari kubwa zinatuharibia wastani. Katika siku mbili hizo utapata ukaguzi mmoja. Pale getini ungepata arobaini."

"Kiwanda hakijakaguliwa tangu nilipokwenda mimi, miaka sita iliyopita."

"Na katika miaka sita hiyo hakuna kosa hata moja lililoonekana," alisema Dakta Kihombo, na uso wake ulijaa fahari. "Ndiyo sababu kimo katika Daraja la Kuaminika. Wanajikagua wenyewe." Akatoa fomu kwenye jalada nililobeba. Kiwanda kilikuwa kimejipa alama tisini na nane. Pembeni meneja alieleza kwamba mbili amejipunguza kwa ajili ya unyenyekevu.

Sikudhani aliitazama ile fomu kwa muda mrefu. Kisha akaomba likizo ya siku moja, ambayo alikuwa anaidai, na akapewa.

Alikwenda kwa baiskeli. Haya ya kiwandani alinisimulia mwenyewe baadaye, na hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mlinzi alimkumbuka tangu zamani akamruhusu. Ndani ya chumba cha boila alimkuta Fidelis Msuha, mtu mwembamba mwenye mvi, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Unafanya nini?" Sikudhani alimuuliza.

"Nasikiliza," alisema Fidelis. "Kile kipimo cha mvuke kiliganda tangu masika. Kwa hiyo nasikiliza. Likianza kulia kwa sauti nyembamba, napunguza kuni."

"Kwa nini usiondoke hapa, Mzee Msuha?"

Fidelis alifikiri. "Nimewaza sana hilo. Mke wangu kila siku ananiambia. Lakini nikiondoka mimi wataleta mtu asiyejua kusikiliza. Na kule upande wa pili wa ukuta huu kuna akina mama arobaini wanakata sabuni. Wengine ni jirani zangu."

Sikudhani alichukua koleo ukutani, akapanda ngazi, akakata waya. Vali ilipumua, mvuke ukajaa chumba kizima, na mkono wa kulia wa Sikudhani ukaungua tena pale pale palipokuwa na kovu. Mlio wa vali ulisikika mpaka ofisi za kiwanda. Meneja, Bwana Kitogo, alikuja mbio.

"Wewe ni nani, na umetumwa na nani?"

"Mimi ni mkaguzi wa maboila. Natoa amri boila hili lizimwe."

"Naomba namba ya kipaumbele ya amri yako."

Hakuwa nayo. Amri isiyo na namba ya kipaumbele, kwa mujibu wa Mwongozo, huhesabiwa kuwa maoni. Bwana Kitogo alimpigia simu mtu, mtu huyo akampigia mwingine, na Sikudhani alipokuwa anarudi kwa baiskeli, mkono ameufunga kwa kitambaa, barua ya kumsimamisha ilikuwa imeshapigwa chapa. Fidelis alimsindikiza mpaka barabarani.

"Watalifunga tena," alimwambia.

"Najua. Nitarudi na polisi."

"Asante kwa siku ya leo, hata hivyo," alisema Fidelis. "Leo limepumua."

Kesho yake vali ilifungwa kwa waya mnene zaidi.

Sikudhani alifikishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la Ukaguzi Holela. Alisema boila lile ni bomu. Alisema hivyo mara tatu, kwa sauti ile ile. Aliomba polisi waende naye. Kamati ilimsikiliza kwa heshima, ikampunguzia cheo, na kwa kuwa ni kamati yenye huruma haikumfukuza: ilimpangia kituo cha kudumu getini, amkague Bi Tekla peke yake, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Dakta Kihombo aliniagiza niitie ile barua yake mahali panapostahili. Nikamuuliza ni wapi. Akaniambia jalada la viti vilivyovunjika, kwa kuwa nalo hushughulikiwa fedha zikipatikana. Nikaitia humo.

Kwa wiki tano wale wanawake wawili walikaa getini pamoja. Sikudhani alipima mfuniko, akaandika, akapima tena. Katikati ya vipimo alikuwa anamenya ndimu. Kila jioni Bi Tekla aliporudi nyumbani alikuwa anamwambia mumewe, mkaguzi anakusalimu, na kila asubuhi analeta jibu: amesema linalia, amesema leo lina nafuu. Sikudhani aliandika barua nyingine mbili, kwa Waziri na kwa polisi. Zilirudi kwetu, maana kanuni inataka malalamiko yashughulikiwe na ofisi inayolalamikiwa.

Siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, madirisha ya masjala yalitikisika na chokaa ikadondoka kwenye meza yangu. Nilichungulia nje. Watu wote barabarani walikuwa wamesimama, wanatazama upande wa kiwandani, ambako ulikuwa umeinuka moshi mweupe, mnene, unaopanda polepole. Bi Tekla alikuwa na upawa mkononi. Sikudhani alikuwa amepiga magoti anapima mguu wa benchi. Bi Tekla aliuweka upawa ndani ya sufuria, akaifunika sufuria vizuri, kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye moshi. Sikudhani aliinuka akamfuata. Zile kilomita kumi na mbili walikwenda kwa miguu, kwa sababu gari letu lilikuwa chini ya turubai.

Walikufa watu kumi na tisa. Fidelis hakupatikana mzima wa kuzikwa. Walizika buti na mkanda, na Bi Tekla alithibitisha mkanda kuwa ni wake kwa tundu la ziada alilokuwa amelitoboa yeye mwenyewe kwa msumari, mume wake alipoanza kukonda.

Serikali ilichukua hatua za haraka. Gari la ukaguzi lilitiwa mafuta siku hiyo hiyo ili kumpeleka Mheshimiwa Waziri mazishini. Alitoa hotuba ya saa moja na dakika arobaini. Alisema taifa limepoteza nguvukazi, na kwamba damu ya wafanyakazi hao haitasahaulika katika Mwongozo ujao. Kisha iliundwa tume.

Tume ilifanya kazi kisomi. Ilipokea fomu ya alama tisini na nane ikaona kiwanda hakikuwa na tatizo. Ilipitia Mwongozo ikaona ulifuatwa bila kukosea. Ilibaki kujua ni kitu gani basi kilichotokea, na hapo Bwana Kitogo, ambaye siku ya mlipuko alikuwa kwenye harusi, alikumbuka kwamba kuna mtumishi mmoja wa Serikali aliyeingia bila kibali na kuigusa vali kwa koleo. Katika kumbukumbu zote za nchi, huyo ndiye mtu pekee aliyeandikwa kuwa aliligusa boila lile ndani ya miaka sita.

Sikudhani alisimama mbele ya tume, mkono wake bado una bandeji.

"Niliandika barua," alisema. "Kabla sijaenda, niliandika. Ilipokelewa masjala. Inaeleza vali ilikuwa imefungwa kabla sijaigusa."

Alimtaja shahidi wake, Bi Tekla Msuha, aliyeipeleka barua kwa mkono wake. Mwenyekiti wa tume alifungua jalada la Bi Tekla, ambalo lilihitaji watu wawili kulibeba. Akasoma kwa sauti kwamba mfanyabiashara huyu ana makosa sitini na matatu yaliyothibitishwa, na kwamba tume haiwezi kuchukua neno la mtu wa namna hiyo dhidi ya kiwanda kisicho na kosa hata moja. Bi Tekla, aliyekuwa amekaa nyuma na nguo za msiba, aliambiwa anaweza kwenda.

Hakwenda. Alibaki amekaa.

Ndipo nikaitwa mimi.

"Karani Ndunguru," alisema mwenyekiti, "je, barua hiyo ilifika masjala?"

Dakta Kihombo alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nina nyumba isiyoezekwa na mke mwenye kisukari. Hayo nayasema ili ieleweke, si ili nionewe huruma. Jibu lilikuwa neno moja, na muhuri ulikuwa wa mkono wangu.

"Haikufika, Mheshimiwa," nilisema.

Sikudhani aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, lakini hakukuwa na hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama fomu kabla ya kuijaza, taratibu, kutoka juu hadi chini. Kisha akageukia mbele na hakunitazama tena. Tume ilimpeleka mahakamani, na mahakama ikampa miaka saba jela.

Idara ilipata tatizo jipya baada ya hapo. Bi Tekla alikuwa kwenye eda yake ya msiba, getini hakuna kitu, na idadi ya kaguzi ikaporomoka mpaka Waziri akapiga simu. Dakta Kihombo alikwenda nyumbani kwake na ujumbe wa watu sita kumpa pole na kumwomba arudi kazini kwa ajili ya taifa. Wanasema aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza wamekagua lini kiwanda kingine, wakajibu kwamba viwanda vina alama ndogo. Mwezi wa tatu wa msiba alirudi. Si kwa ajili ya taifa. Ana watoto wanne, na wanakula.

Siku ya kwanza aliporudi nilitoka mapema na kikombe changu. Foleni ilikuwa fupi. Alikuwa amekonda, aproni yake nyeupe. Aliwapa watu uji, akawauliza habari za watoto wao, akakumbuka nani anataka ndimu. Nilipofika mbele nilinyoosha kikombe. Alikitazama, kisha akanyoosha mkono pembeni yangu akachukua cha mtu aliyekuwa nyuma.

Nilidhani hakuniona. Nikangoja. Akachukua cha mwingine, na cha mwingine.

"Bi Tekla," nilisema, "mimi nimetangulia."

"Najua, kaka Anselimu," alisema, huku akimimina. Hakupandisha sauti. "Nimekuona. Na siku ile dirishani nilikuona."

Mkaguzi wa zamu alipiga magoti kupima benchi. Bi Tekla alifuta mdomo wa sufuria, akaita, "Anayefuata," na yule aliyekuwa nyuma yangu akanizunguka akapita.

Sasa ni mwaka wa pili. Kila asubuhi nakwenda na kikombe, nasimama kwenye foleni kama watu wengine. Hanifukuzi. Sufuria inapokwisha anaosha vyombo vyake, anafunga mzigo wake, ananiaga kwa adabu, anaondoka. Wenzangu huniuliza kwa nini nisinywe chai ya ofisini. Huwa nawaambia nasubiri.